Ufunguo wa Nyumba ya Meneja

Plateau,
3 Februari 2025

Kwa Ofisi ya Mpango,
Hifadhi ya Msitu wa Tebeswet.

Bwana au Bibi,

Tangazo lenu pale kwa ofisi ya chifu linasema kwamba mwenye maoni kuhusu mpango wa miaka kumi wa hifadhi ya chuo chenu ayalete kwa maandishi. Simu hamtaki, maneno ya mdomo hamtaki. Basi mimi, Nyokabi Ndungu, mwenyekiti wa Kikundi cha Wamama wa Chemchemi, nimenunua karatasi na kalamu, na sasa mtasoma.

Nimeitazama ramani mliyobandika. Msitu mmeupaka kijani na kinamasi cha korongo mmekipaka buluu, vizuri sana. Lakini pale kwa chemchemi, karibu na lango la chini, nimeona kisanduku cheusi kimeandikwa "Maegesho ya Magari ya Wageni". Aliyechora ramani hiyo alisimama pale kweli, ama alichora akiwa kwenye kiti? Pale ndipo kilipo kitalu chetu cha miche. Tunaotesha muiri, podo na mizaituni ya msituni, miti ileile ambayo nyinyi wa chuo mnahubiri kila siku kwamba inaisha.

Meneja wenu wa zamani alituruhusu kwa mdomo. Sasa amestaafu, na mdomo wake ameenda nao. Mkitutoa pale mtatupa mahali pengine, najua, ofisi huwa haikosi mahali pengine. Ila maji hayatatufuata. Kitalu kikiwa mbali na maji kimekufa.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: gari halinywi maji ya chemchemi, lipelekeni kwingine. Na jibu tunalitaka kwa maandishi.

Wenu,
Nyokabi Ndungu

Barua hii inaletwa na Nanyama, mwenzetu anayeuza maziwa kwenye nyumba za walimu wenu. Jibu mpeni yeye.


Ofisi ya Mpango, Tebeswet,
10 Februari 2025

Mpendwa Mama Nyokabi,

Nimeipokea barua yako pamoja na nusu lita ya maziwa niliyolazimishwa kununua. Mimi ni Dkt. Nicanor Wesonga, mwalimu wa misitu hapa chuoni, na ndiye niliyepewa kazi ya kuandika mpango huu. Niseme ukweli: ramani ilichorwa na mtu aliyekaa kwenye kiti. Mtu huyo si mimi, lakini nilikuwa kwenye kiti cha pili.

Kile kisanduku ni pendekezo tu. Baraza la chuo litakuja kutembelea hifadhi mwishoni mwa Aprili, na hapo ndipo litaamua. Nimejiwekea nia kwamba kitalu chenu hakitaguswa, na nitalisema mbele yao bila kupepesa macho. Lakini baraza halipitishi mpango ambao majirani hawajauridhia. Nitahitaji barua ya kikundi chenu inayosema mnakubali. Bila barua hiyo, mimi na mpango wangu wa miaka kumi tutarudi kufundisha mwaka wa kwanza.

Kabla ya baraza kuja, kontrakta ataondoa vibanda vibovu vilivyozagaa ndani ya hifadhi. Usiwe na wasiwasi. Alama za kumwongoza nitaziweka kwa mkono wangu mwenyewe.

Kuna pia jambo zuri ambalo ningependa kuwaambia, lakini kamati bado haijalipitisha, kwa hivyo mdomo wangu umefungwa.

Wako mtiifu,
Nicanor Wesonga


Plateau,
17 Februari 2025

Daktari Wesonga,

Barua yako nimewasomea wamama wote, tukiwa kazini, mikono ikiwa kwenye udongo. Kabura amesema una maneno matamu. Jebet amesema maneno matamu ndiyo ya kuogopwa. Mimi ni mwenyekiti, kwa hivyo nimekubaliana na wote wawili.

Unasema una jambo zuri na mdomo umefungwa. Mwanangu, hapa kwetu mtu wa ofisi akisema analo jambo zuri, watu hufungia kuku. Ahadi ni deni, lakini fumbo ni nini?

Acha nikuambie ni kwa nini nasumbuka hivi. Kitalu hiki hatukukianzisha kwa ajili ya miti. Kilianza baada ya ule mwaka wa fujo za uchaguzi ambao hapa hatuutaji. Mimi na Jebet tulikuwa majirani wa ua mmoja na tulikuwa hatusalimiani. Tulikutana pale kwa chemchemi, kila mmoja na mtungi wake, na yale maji hujaa polepole sana. Jebet ndiye aliyeanza. Aliniuliza mche wangu wa muiri umeshika ama umekauka. Nikamjibu umeshika. Siku iliyofuata akaja na wake. Nanyama na Kabura walikuja baadaye, na ndipo tukawa kikundi. Nikiona kisanduku cheusi juu ya mahali pale, moyo unaniuma, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Mkitaka kuondoa kitu kibovu, ondoeni ile nyumba ya meneja wa zamani. Imejaa popo na walevi, bati linapiga kelele kukiwa na upepo, na inatuzibia jua la asubuhi. Hiyo ndiyo ingefaa magari yenu.

Nanyama anasema wewe huna mke na unakula chapati za kantini kila siku. Tumekutumia viazi.

Nyokabi


Tebeswet,
26 Februari 2025

Mama Nyokabi,

Viazi vimefika na vimeliwa. Nilivila na ugali, na naomba habari hizo zisimfikie mama yangu kule Kitale.

Ulichoniandikia kuhusu wewe na Jebet nimekisoma mara nyingi. Nilitaka kukiweka kwenye faili la maoni, kisha nikaona faili halistahili, nikakiweka kwenye droo yangu.

Lakini ile nyumba ya meneja msiiseme vibaya, tafadhali. Kuta zake ni za matofali ya zamani, popo wanaweza kuhamishwa, na walevi pia. Zaidi ya hapo siwezi kusema. Nasubiri kamati.

Wako,
Nicanor


Plateau,
14 Machi 2025

Dkt. Wesonga,

Tumeziona alama zako. Moja kwenye kibanda chetu cha kitaluni, moja kwenye tangi, moja kwenye podo la chemchemi. Kubwa, nyekundu, za X.

Tumeelewa.

Nyokabi Ndungu,
Mwenyekiti


Tebeswet,
16 Machi 2025

Mama Nyokabi,

Nimefurahi sana kwamba mmeziona! Nilizipaka mwenyewe, hakuna mwanafunzi aliyegusa brashi, na shati langu jeupe limekwisha. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa nilipokuwa masomoni ng'ambo, na mtu akiziona kutoka mbali hawezi kukosea. Nilitaka mlale usingizi.

Kontrakta anaitwa Okello, ni mtu makini, na maagizo yake nimeyaandika mstari kwa mstari. Atafika na tingatinga wiki ya kwanza ya Aprili. Mimi nitakuwa Naivasha kwenye warsha, lakini kila kitu kimepangwa.

Kile kikaratasi cha kukubali mnaweza kukiandika wakati wowote. Na lile jambo zuri limekaribia!

Wako mwenye furaha,
Nicanor


Plateau,
20 Machi

Jebet dada yangu,

Natumaini binti yako amepata nafuu na mtoto ananyonya vizuri. Langas ni mbali, lakini haya siwezi kukupigia simu, kwa sababu Kabura husikiliza simu yangu kuliko mimi mwenyewe.

Yule kijana ametugeuka. Amepaka X nyekundu kila mahali, hata kwenye podo letu. Wewe unajua X ni nini. Ilipopanuliwa ile barabara ya kwenda mjini, nyumba iliyopakwa X asubuhi ilikuwa vumbi jioni. Na si kwamba anaona haya! Ameandika barua ya kusema amefurahi. Eti tulale usingizi. Nililia, Jebet, kisha nikakasirika, na hasira imenisaidia zaidi.

Mpango ni huu. X zake tutazisugua kwa mafuta ya taa mpaka ziishe. Na kama tingatinga likija ni lazima liangushe kitu, liangushe ile takataka ya nyumba ya meneja. Mkwe wako ni fundi wa rangi, mwombe mkebe wa nyekundu na brashi pana. Njoo navyo Jumamosi, uvae nguo kuukuu.

Ukimaliza kusoma washia jiko karatasi hii.

Nyokabi


Plateau,
31 Machi 2025

Mpendwa Daktari,

Salamu nyingi. Sisi hatuna neno. Tunajua nyinyi mmesoma, na akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wamama wamekuwa na bidii ya usafi pale kitaluni, kwa hivyo ukisikia harufu ya mafuta ya taa usishtuke.

Safari njema ya Naivasha. Kula samaki.

Nyokabi Ndungu

Barua ya kukubali bado tunaitafutia maneno.


Tebeswet,
11 Aprili 2025

Mama Nyokabi,

Nimerudi jana. Niliteremka pale lango la chini, nikatazama, nikakaa juu ya sanduku langu.

Nyumba ya meneja haipo.

Kibanda chenu kipo. Tangi lipo. Podo lipo, na lina harufu ya taa ya chemli. Nilimpigia Okello simu nikamuuliza kwa nini ameangusha nyumba ambayo sikuipaka alama nisije nikafichua siri, lakini nilimwandikia ibaki. Naandika alivyonijibu, neno kwa neno:

"Daktari, nyumba ilikuwa na X kubwa kila ukuta, hata kwa choo. Hata mimi nilishangaa, maana kwa maagizo yako umeandika chenye X kiachwe. Lakini X si ni ya kubomoa? Hii Kenya nzima ni hivyo. Nikasema daktari alikuwa na haraka, amegeuza maneno. Nikakurekebishia. Milango na mabati nilitoa kwanza, nimewawekea hapo kando, usije ukanilaumu."

Mama, mimi ni Mkenya. Nimeona X kwenye kuta za kando ya barabara tangu utotoni. Miaka michache ng'ambo, mwalimu mmoja akiniambia kwamba mti wa kubaki ndio unaopakwa alama, nikasahau kila kitu nilichojua. X zangu zilikuwa za kulinda! Nilipenda kitalu chenu, nikakipaka alama ya kukizika. Kama mtu fulani asingezifuta, Okello angekuja "kunirekebishia" hapo kwenu, na leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine kabisa.

Na sasa lile jambo zuri. Kamati ililipitisha siku moja kabla sijasafiri. Ile nyumba ya meneja ilikuwa yenu. Ingekarabatiwa iwe duka la miche, ghala la mbegu na chumba cha mikutano cha Kikundi cha Wamama wa Chemchemi, kwa miaka yote kumi ya mpango. Nilikuwa nimepanga kuwapa ufunguo mbele ya baraza, na hotuba fupi nilikuwa nimeiandaa.

Nani alipaka X kwenye zile kuta sijui, na faili halina haja ya kujua. Nakutumia ufunguo ndani ya bahasha hii kwa sababu sijui niuweke wapi.

Nicanor


Plateau,
13 Aprili 2025

Daktari, mwanangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaimalizia nikiwa nimekaa chini. Nilipowasomea wengine, Kabura aliniomba niirudie. Kisha Nanyama akacheka, akajaribu kujizuia, akacheka zaidi, na mwishowe tulikuwa watu wazima tumelala kwenye nyasi tunapangusa machozi, na sijui ni machozi ya aina gani. Jebet bado ana rangi nyekundu kwenye kucha. Yeye alipaka kuta na mimi nilishika ngazi. Andika hivyo kwenye faili ukitaka.

Tumejibomolea nyumba wenyewe, daktari! Na tulikupikia maneno mabaya ambayo siwezi kuyaandika, maana wewe ni mtoto wa watu. Nisamehe. Ungesema tu neno moja. Na mimi ningeuliza swali moja. Lakini wewe ulikuwa unaficha zawadi na mimi nilikuwa nafichua adui, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuzungumza.

Sasa sikia. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini matofali si maji. Yale ya zamani ni magumu, mengi yametoka mazima. Tangu jana tunayapangua na kuyapanga kando. Kabura ana kijana wa dada yake aliye fundi mwashi kule Huruma. Tupeni tu kiwanja kidogo nyuma ya kitalu, kwa maandishi, na mikono tunayo. Haitakuwa nyumba ya meneja. Itakuwa ndogo, ya kututosha.

Pamoja na hii utapata barua uliyoingojea. Haina masharti. Nilikuwa nimeandika masharti, Jebet akaniambia niyakate, akasema huyu kijana aliharibu shati jeupe kwa ajili yetu.

Mama yako,
Nyokabi


Kwa Baraza la Chuo,

Sisi Kikundi cha Wamama wa Chemchemi, majirani wa Hifadhi ya Msitu wa Tebeswet, tunaukubali mpango wa miaka kumi. Korongo wakae, msitu ukae, na sisi tukae.

Nyokabi Ndungu, Jebet, Nanyama, Kabura


Tebeswet,
29 Aprili 2025

Mama Nyokabi,

Mpango umepita!

Nilitaka kuja mbio kukuambia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kutoamini mdomo, basi jibu liko hapa kwa maandishi, na mhuri nimeugonga mara mbili. Kitalu kinabaki kwa chemchemi. Kiwanja cha nyuma ni chenu. Kisanduku cheusi kimefutwa.

Ilikuwa hivi. Tulitembea na baraza mpaka lango la chini. Nilikuwa na hotuba ndefu ya kutetea kitalu, jasho linanitoka. Mwenyekiti wa baraza akasimama pale ilipokuwa nyumba ya meneja, akatazama huku na huku, akauliza, "Huu uwanja mzuri namna hii, mbona hamkuupangia magari?" Mimi nikatia mkono mfukoni kutafuta hotuba. Akasema, "Wekeni maegesho hapa, muachane na wale wamama." Kila mtu akaandika. Hotuba yangu bado iko mfukoni.

Wewe uliniambia hivyo tangu Februari, kwamba hapo ndipo pangefaa magari. Nimekwenda kutafuta barua yako kwenye droo yangu ili nithibitishe, na ipo.

Baraza limeniuliza kama kuna la kuongeza. Nimeongeza kifungu kimoja: ndani ya Hifadhi ya Tebeswet, kwa miaka kumi ijayo, rangi nyekundu ni marufuku.

Mwanao,
Nicanor

Nilimsimulia mama yangu. Amecheka mpaka akamwita jirani. Anataka miche miwili ya muiri, na anataka kujua hao wamama wananilisha nini.


Plateau,
9 Juni 2025

Nicanor mwanangu,

Msingi umechimbwa na mawe yameingia. Fundi wetu wa Huruma ni mzuri ila anapenda chai kuliko kazi. Kuta bado. Mvua ya mchana inatusumbua, lakini miche inaipenda na sisi tunaivumilia.

Jana tulikuwa tunahamisha ile milango aliyotuwekea Okello, tukaukuta ule mkubwa wa mbele, mbao nzito, kitasa chake kizima. Nikakumbuka ufunguo wako. Ulikuwa umening'inia kwenye msumari jikoni tangu Aprili, na kila nikiuona nilikuwa naona aibu kidogo. Nikaenda kuuleta.

Tuliusimamisha mlango juu ya msingi, palepale utakapokuwa. Jebet akaushika upande mmoja, Kabura upande mwingine. Nikautia ufunguo. Ulikataa mara ya kwanza, nikaupaka mafuta ya taa yaliyobaki, ukazunguka.

Mlango ukafunguka, daktari. Ukuta hakuna, paa hakuna, ungeweza kupita popote. Lakini hakuna aliyepita kando. Tuliingia kwa mlango, mmoja mmoja, Jebet wa kwanza, na kila mtu alipangusa matope miguuni kabla ya kuingia.

Njoo Jumamosi. Kutakuwa na viazi, na ugali tutakupikia.

Nyokabi